Ukweli Unaopewa Maksi

Ninaandika kutoka Arlington, hapa katikati ya Dallas na Fort Worth. Wengi mnanifahamu kama mtu wa madaraja na zege, si mtu wa insha. Lakini Desemba iliyopita lilitokea jambo nyumbani kwangu ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni, na baada ya kulizungumza na wazazi wenzangu wawili watatu kwenye msiba kule Houston, nimeona kwamba si langu peke yangu. Ndiyo maana nimemwomba mhariri nafasi.

Watoto wetu wanaosoma vyuo vya hapa Texas karibu wote hupita mlango mmoja: somo la uandishi wa insha, English 1301, na ndugu yake 1302. Uwe unasomea uuguzi, uhasibu au uhandisi, kwanza uandike. Binti yangu alimaliza 1301 muhula ule. Hakufanya mtihani wa mwisho. Badala yake alitakiwa kukabidhi potifolio ya kidijitali. Kwa wale ambao hawajakutana nayo, ni jalada la maandishi linalowekwa kwenye mtandao. Mwanafunzi anakusanya kazi zake za muhula mzima, anachagua zile anazotaka zihesabiwe, anaziweka pamoja na rasimu zake, ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha mbele ya yote anaandika barua ya kujitafakari, akimweleza mwalimu jinsi alivyobadilika kama mwandishi. Insha zina maksi zake. Barua nayo ina maksi zake.

Binti alipata maksi nzuri. Akanitumia kiungo kwenye simu, nami baada ya chakula cha jioni nikavaa miwani nikaketi kusoma, kifua mbele kama baba yeyote. Barua yake, kwa muhtasari wangu, ilisema hivi: nimekulia katika nyumba isiyokuwa na vitabu, wazazi wangu ni wahamiaji, Kiingereza kinawapiga chenga, hivyo hapakuwa na mtu wa kunisaidia, somo hili ndilo lililonipa sauti.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikainua macho nikaitazama rafu iliyo mbele yangu, ambayo niliijenga mwenyewe na ambayo katikati imeanza kubonyea kwa uzito wa vitabu. Sikukasirika. Niliona haya, kama mtu aliyetangazwa kanisani kwamba kwake hakupikwi, na sufuria iko jikoni inachemka. Tena barua yenyewe haikufungiwa kabatini kwa mwalimu. Yeyote mwenye kiungo anaweza kuisoma, wakiwemo shangazi zake walioko Moshi.

Nikamwita. Akasimama mlangoni, akajua mara moja. "Baba, siyo kwamba nakudharau. Swali lilitaka nieleze vikwazo nilivyovishinda. Mimi sikuwa na kikwazo. Wenzangu wote walikuwa navyo. Ningeandika nini?"

Nikamwuliza, "Kwa hiyo umesema uongo?"

Akafikiri kidogo. "Nimepunguza tu vitabu."

Nilicheka, na yeye akacheka, tukaachana. Lakini usiku sikulala vizuri. Swali lililonikosesha usingizi halikuwa juu ya heshima yangu, maana hiyo ingepona. Lilikuwa hili: je, mtu anaweza kupewa maksi kwa kusema ukweli juu ya nafsi yake, na ukweli huo ukaendelea kuwa ukweli?

Kabla sijalijibu, naomba nilitendee jalada haki, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu ambao lingewaokoa. Nilipofika nchi hii mwaka 1992, nikiwa na barua ya kukubaliwa chuo kikuu na sweta moja, jambo la kwanza nililofanyiwa ni kupimwa uandishi. Tulipewa dakika hamsini na mada moja: eleza jinsi familia yako inavyosherehekea Thanksgiving. Sikuwahi kuisikia sikukuu hiyo. Dakika ishirini za kwanza nilizimaliza nikijiuliza nani anashukuriwa na kwa lipi. Nilishindwa, nikarudishwa darasa la chini la Kiingereza, huku kwenye mkoba wangu nikiwa na daftari la mafunzo kazini lenye kurasa mia na zaidi za Kiingereza nilizoandika siku kwa siku kwenye eneo la ujenzi. Hakuna aliyeomba kuliona daftari lile.

Walimu wengi wa hapa waliliona kosa hilo zamani. Katika miaka ya 1980, kwenye chuo kikuu cha jimbo la New York kilichopo Stony Brook, Peter Elbow na Pat Belanoff waliuondoa mtihani wa namna hiyo wakaweka jalada. Hoja yao ilikuwa rahisi: kipande kimoja kilichoandikwa kwa haraka, bila kurudiwa, juu ya mada usiyoichagua, hakiwezi kuonyesha uwezo wa mtu kuandika, kwa sababu kuandika kwenyewe ni kurudia. Jalada likasomwa na mwalimu mwingine asiyemfundisha mwanafunzi yule, ili mwalimu wa darasa awe msaidizi badala ya hakimu. Kompyuta zilipoenea, jalada likahamia kwenye mtandao, na likapata faida ambayo karatasi haikuwa nayo: kila rasimu inabaki na tarehe yake na saa yake.

Na sisi tuliotoka Tanzania hatuwezi kusema kwamba wazo hili ni geni. Mwalimu Nyerere aliukosoa mtihani wa mara moja tangu mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Nilipoingia sekondari miaka ya 1980 tulikuwa ndani ya utaratibu huo. Mazoezi ya darasani yalihesabiwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini walihesabu pia tabia: bidii, ushirikiano, kuthamini kazi, heshima.

Wale wenzangu mliokuwa bweni zama zile mnajua nini kilitokea. Mwalimu wa zamu akionekana kwenye kona ya jengo la utawala, makwanja yalipanda na kushuka kama mashine. Akipita, makwanja yalipumzika. Kuna kijana mmoja darasani kwetu aliyefanya kazi kwa kasi ile ile mwalimu awepo asiwepo. Hakuwahi kupata maksi kubwa za bidii, maana mwalimu alimkuta daima amekwisha maliza sehemu yake, amekaa. Siwalaumu walioweka utaratibu ule. Walitaka shule itoe watu, si wakariri. Ila kazi ya mikono unaweza kuipima kwa kutazama eneo lililofyekwa. Moyo wa kazi huwezi. Ukiuwekea maksi, utaletewa maigizo yake.

Barua ya kujitafakari naiona iko pale pale. Insha ni eneo lililofyekwa: lipo, linaonekana. Barua ni moyo.

Sasa niseme langu, maana nyani haoni kundule. Katika kabati langu kuna faili la bluu, na ndani yake nakala ya barua niliyoandika mwaka 1991 kuomba ufadhili wa masomo. Nilieleza mle kwamba nilikuwa natembea maili sita kila asubuhi kwenda shule ya msingi, pekupeku, nikivuka mto. Mto upo. Ila shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwetu, na viatu nilikuwa navyo. Nilivivua mwenyewe kwa sababu wenzangu hawakuvaa. Nilijua mfadhili anataka kusikia nini kutoka kwa mtu wa Afrika, nikampa. Nilipata ufadhili. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilijiambia kwamba nilikuwa nastahili kwa vyovyote vile, na kwamba nilichokipunguza ni viatu tu.

Basi wapo watakaosema: kama baba na binti wote wamefanya, na hakuna aliyeumia, tatizo liko wapi? Nami nilijaribu kulala na jibu hilo. Lililonizuia ni kijana mmoja ninayekutana naye kanisani Fort Worth. Familia yake ni ya Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na yeye kazaliwa huko. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Nyumba isiyo na vitabu kwake si mtindo wa kuandika, ndiyo nyumba. Wazazi wasioweza kumsaidia Kiingereza ndio wazazi wake halisi, watu wenye akili na uchovu wanaofanya kazi usiku. Siku kijana huyo atakapokaa aandike barua yake, mwalimu atakuwa ameshasoma kumi za aina hiyo, na baadhi zimeandikwa na watoto wa wahandisi na wafamasia. Hadithi yake itafika kwa msomaji ikiwa imechakaa kabla hajaitumia. Uongo wetu mdogo unalipwa na mtu, na anayelipa ni yule ambaye hana kingine cha kuonyesha isipokuwa ukweli wake.

Hapo ndipo nilipoacha kuwaza juu ya rafu yangu.

Nilirudi kwenye lile jalada. Lingekuwa la karatasi, pengine safari yangu ingeishia kwenye barua. Lakini lilikuwa la kidijitali, na chini ya barua zilikuwapo rasimu zake. Ya kwanza iliandikwa saa saba na dakika arobaini usiku. Ndani yake kulikuwa na aya niliyoisoma nikiwa nimesimama. Ilisema kwamba baba yake ana kalamu nyekundu. Kwamba alipokuwa darasa la nne alimfanya aandike upya ripoti ya mradi wa sayansi mara tano. Na kwamba alimwambia sentensi ni kama nguzo, kama haibebi kitu, iondoe. Pembeni mwalimu ameandika kwa upole kwamba aya ni nzuri, ila aeleze zaidi changamoto alizokutana nazo na jinsi somo lilivyomsaidia. Katika rasimu ya pili baba amebaki sentensi moja: mkali kidogo. Katika ya tatu hayupo, na vitabu navyo havipo. Niliona, hatua kwa hatua, jinsi nilivyotolewa nyumbani kwangu.

Simlaumu mwalimu yule. Aliuliza swali ambalo aliambiwa aulize. Na nilikuta jambo jingine ambalo lilinigusa zaidi. Insha yake ya pili ilikuwa juu ya mazishi ya mama yangu. Mimi nilisafiri kwenda Moshi kuzika. Yeye alikuwa na mitihani, akayafuatilia kwenye simu. Rasimu ya kwanza inaanza kwa kusema kwamba kifo ni jambo linalomfika kila mwanadamu. Ya tatu inaanza na simu iliyoegemezwa kwenye pakiti ya sembe juu ya meza ya jikoni, saa tisa usiku wa Texas, na mtandao unakatika wakati jeneza linashushwa, na yeye anabaki anatazama uso wa bibi mmoja wa kwaya ulioganda mdomo ukiwa wazi. Kati ya rasimu ile na hii mwanangu alijifunza kuandika. Na hilo, ambalo ndilo badiliko la kweli la muhula mzima, halikutajwa kabisa kwenye barua ya kueleza mabadiliko. Halikuwa na kikwazo ndani yake.

Kwa hiyo nilianza kuamini kwamba rasimu husema kweli, na barua ndiyo inayoweza kudanganya. Nilikaa na imani hiyo wiki tatu, mpaka nilipokwenda Houston kwenye ule msiba.

Mpwa wangu anasoma huko, chuo kingine, naye ana jalada lake. Tukiwa nje chini ya turubai nilimweleza nadharia yangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, hata rasimu zinatengenezwa." Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, akanieleza, hakuna ugumu. Unaiamuru iandike insha. Halafu unaiamuru itengeneze rasimu ya kwanza yenye makosa ya mwanafunzi ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, kisha ya pili yenye makosa machache. Mwisho unaiomba barua ya kujitafakari. "Hiyo ya mwisho ndiyo inayoiandika vizuri kuliko zote. Inajua kutubu."

Sikumwuliza kama alikuwa anasimulia ya wenzake au ya kwake. Naye hakusema.

Kutoka Houston mpaka Dallas kwa barabara ya I-45 ni kama maili 240, na nilikuwa peke yangu garini. Baada ya Huntsville, ukishaipita ile sanamu kubwa nyeupe ya Sam Houston, barabara inatulia na mtu anaweza kuwaza. Niliwaza juu ya muhuri wangu.

Hapa Texas mhandisi aliyesajiliwa ana muhuri wenye jina lake na namba yake. Mchoro wa daraja hautoki ofisini bila muhuri na sahihi, na sheria inanikataza kuugonga kwenye kazi ambayo sikuifanya mwenyewe wala kuisimamia. Sheria hiyo ina chimbuko lake, na chimbuko lenyewe ni shule. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, mashariki ya Dallas, gesi ilivuja chini ya jengo la shule ikajaa bila mtu kujua, maana gesi asilia haina harufu. Shule ilikuwa imejiunganishia gesi ya mabaki ya visima ili kupunguza gharama. Cheche moja ya mashine kwenye karakana ililipua jengo. Walikufa takriban watu 300, wengi wao watoto. Mwaka huo huo Texas ikaagiza gesi itiwe harufu, na mwaka huo huo ikapitisha sheria ya kusajili wahandisi, ili kila kazi iwe na mtu anayeweza kuulizwa.

Mtu anayeweza kuulizwa. Muhuri haudai kwamba nilipiga hesabu kwa mkono. Kwa miaka mingi sasa hesabu zetu zinapigwa na programu. Unasema tu kwamba daraja likitikisika, mniite mimi, nitaeleza. Na michoro yetu ina tabia nyingine ambayo nadhani walimu wa insha wangeipenda. Pembeni mwa kila mchoro kuna kisanduku cha marekebisho: namba, tarehe, maelezo mafupi, na herufi za aliyechora na aliyehakiki. Sehemu iliyobadilishwa inazungushiwa mstari wenye umbo la wingu, ili fundi aione. Hatuandiki kwamba mhandisi amekua kiroho tangu marekebisho ya kwanza. Tunaandika: nguzo ya tatu imeongezwa unene, kwa sababu udongo ulipopimwa ulikuwa dhaifu. Ukitaka kubisha, nenda kapime udongo.

Nilipofika Corsicana nilikuwa karibu kuridhika: tuwape wanafunzi muhuri, tusiulize wametumia mashine gani, tuulize tu kama wanaweza kusimama na kujibu. Lakini mfano huo unafika mahali unakatika, na ni haki niseme. Daraja linajengwa kwa ajili ya wapitao. Likiwa imara, haijalishi sana mhandisi alijifunza nini alipolichora. Insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haivukwi na mtu. Mwalimu akishaisoma, kazi yake duniani imekwisha. Kinachojengwa pale ni mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo anayemwachia mwingine amwandikie, mtu au mashine, hakumwibia mwalimu kitu kikubwa. Amekwenda kwenye eneo la ujenzi la nafsi yake akakuta zege limemwagwa kwenye kiwanja cha jirani.

Wenzetu wa Kenya wameliona hilo kwa upande mwingine. Mtihani wa KCPE ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya wa CBC unataka kazi za mtoto zikusanywe na kutunzwa mwaka mzima. Wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi inayokusanywa ni ya kwao: wao ndio wanaochora, wanaokata na kubandika usiku, mtoto amelala. Nia ilikuwa kumpima mtoto. Aliyepimwa ni mzazi.

Basi naona jalada haliwezi kuwa askari. Likigeuzwa kuwa la kumkamata mtu, atatengeneza rasimu, kama sisi tulivyotengeneza bidii. Linaweza kuwa shahidi tu, na shahidi anamfaa yule anayetaka ukweli wake ujulikane, hata kama wa kwanza kuujua ni yeye mwenyewe.

Na je, tafakari iachwe? Kathleen Blake Yancey, aliyeandika kitabu kizima juu ya tafakari katika darasa la uandishi mwaka 1998, ameshikilia kwamba mwanafunzi asiyetazama nyuma hajui alichojifunza, na mimi nakubaliana naye. Mhandisi asiyerudi kutazama ufa wa kazi yake ataurudia. Ila kutazama nyuma ni jambo moja, na kulipwa kwa kutoa ushuhuda wa kuokoka ni jingine. Kama ningeulizwa, ningesema barua iombwe namna ya kile kisanduku chetu: onyesha sentensi tatu ulizobadilisha, na useme kwa nini. Hilo linaweza kuhakikiwa, na halimlazimishi mtu kuuza nyumba yao.

Tena upo mfano mmoja ambao ulinifariji nilipousikia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walimu wa shule za msingi za London walitunga kumbukumbu ya lugha ya mtoto, katika mji wenye watoto wa lugha nyingi, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa mazungumzo ya mwalimu na mzazi: mtoto huyu nyumbani anasoma nini, anaongea lugha zipi, anapenda hadithi gani. Wazo hilo lilivuka bahari, na hapa Texas, chuo kikuu cha Austin, Margaret Syverson akalifanyia toleo la mtandao kwa wanafunzi wake. Mwanafunzi alianza kwa kumhoji mzazi au mtu mwingine anayemfahamu vizuri. Mtu wa nyumbani alipewa nafasi ya kusema kabla hadithi ya maendeleo haijaanza kuandikwa. Mtoto ambaye amekwisha mhoji baba yake, na kuyaandika majibu yake, atapata shida kumfuta katika rasimu ya tatu.

Mwezi Januari nilimweleza binti yangu haya yote, na nikalitoa lile faili la bluu nikamsomea barua ya ufadhili. Alisikiliza mpaka kwenye mto na miguu mitupu. Akauliza, "Viatu vilikuwa vya rangi gani?" Nikamwambia vya kahawia, vya Bata. Akanyamaza. Sijui kama aliona haya kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Huenda vyote.

Baadaye aliniuliza, "Ninyi mchoro ukiwa na kosa mnaufuta?"

Nikamwambia hatufuti kamwe. Tunatoa mpya, na wa zamani tunauandikia kwa herufi kubwa kwamba umebatilishwa, tunauhifadhi, ili atakayekuja ajue tulipita wapi.

Siku mbili tatu baadaye nilifungua tena kile kiungo. Barua ya kwanza ipo pale pale, na juu yake ameandika kwamba imebatilishwa, na tarehe. Chini yake kuna ya pili, fupi. Inaeleza simu iliyoegemezwa kwenye pakiti ya sembe, na kwa nini aliiondoa sentensi ya kifo kumfika kila mwanadamu. Vitabu vimerudi. Baba naye karudi, na kalamu nyekundu, ila bado ni mkali kidogo.

Maksi zilikuwa zimekwisha kutolewa na muhula umefungwa, hivyo hakuna atakayempa kitu kwa barua hiyo. Alijua hilo alipoiandika.

Mimi nami nimeandika barua yangu mpya, ukurasa mmoja, nimeiweka kwenye faili la bluu juu ya ile ya mwaka 1991. Mfuko ule wa ufadhili haupo tena, sina pa kuipeleka. Ndipo nikaona bora niilete kwenu.